Reli Iliyokubali Kupinda

Treni ya Tanga haijawahi kupanda Usambara. Anayetoka Tanga kwenda Moshi huiona milima hiyo mkono wa kulia, kwanza kwa mbali pale Muheza, kisha karibu kabisa baada ya Korogwe, mpaka Mombo na Mkumbara ambako kuta za mawe zimesimama juu ya paa za stesheni. Treni inapita chini. Inaambaa na miguu ya milima, inakata mashamba ya mkonge, inaingia Upareni, na milima ya Pare nayo inaipita hivyohivyo, bila kuigusa. Wajerumani walioianza njia hii Tanga mwaka 1893 waliiita Reli ya Usambara. Ilipofika Moshi mwaka 1911 ilikuwa imekwenda kilomita 352, na Usambara yenyewe ilikuwa bado haijaikanyaga.

Nimekulia chini ya milima hiyo, na tangu nijue treni ni nini nimetaka kuiona ikipanda. Mapenzi hayo hayajapungua kwa umri. Wapo wanaopenda treni kwa kasi yake, na wapo wanaoipenda kwa safari ndefu za usiku na usingizi wa behewa. Mimi napenda reli nyembamba za milimani: treni inayopanda polepole kiasi kwamba mtoto anaweza kukimbia sambamba nayo, inayojikunja mpaka aliyekaa behewa la mwisho akakiona kichwa cha treni yake mwenyewe dirishani, kikienda upande mwingine, akadhani ni treni nyingine inakuja kupishana nao.

Nikiwa shule ya msingi, tulipofundishwa uwiano, wenzangu walihesabu machungwa na bei zake. Mimi nilianza kujenga reli ya Lushoto kwenye madaftari, na kusema kweli sijaimaliza hadi leo. Hesabu yake ni hii. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari na Lushoto inakaribia 1,400. Ni mita 1,000 za kupanda, na barabara inazimaliza kwa kilomita kama 33, ikipitia Soni. Basi linaweza. Treni ni kitu kingine, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma lina mshiko mdogo sana. Mshiko huo mdogo ndio unaoiwezesha injini moja kuvuta mzigo wa malori mengi kwenye tambarare, na huohuo ndio unaoiangusha mlimani. Njia ya Mombasa hadi Nairobi ilitengenezwa ipande si zaidi ya mita moja kwa kila mita 66 za mwendo, mwinuko ambao mwendesha baiskeli angeupanda huku akipiga soga. Kwa kipimo hicho reli yangu ingehitaji kilomita 66 kufika Lushoto, yaani mara mbili ya barabara, na bonde la Soni halina pa kuziweka. Nikikaza mwinuko hadi mita moja kwa kila 25, njia inatosha, lakini injini iliyokuwa ivute mabehewa ishirini sasa inavuta machache tu. Nimezunguka ndani ya hesabu hiyo miaka mingi. Kila mtu aliyewahi kujenga reli ya mlimani amezunguka humohumo, na kila reli ya mlimani iliyopo duniani ni jibu la mtu fulani kwa swali hilohilo.

Jibu la wengi lilikuwa kupunguza upana. Kwa nini? Husemwa ni kwa sababu ya fedha, na ni kweli, lakini ukilifuata jambo hili kwa utulivu utakuta uzuri ndani yake.

Magurudumu ya treni hufungwa mawilimawili kwenye ekseli moja na huzunguka pamoja. La nje haliwezi kukimbia likaliacha la ndani, kama yanavyofanya magurudumu ya gari. Sasa treni ikiingia kwenye kona, reli ya nje inakuwa ndefu kuliko ya ndani, na magurudumu yale mawili yaliyofungwa pamoja yanatakiwa kusafiri umbali usio sawa kwa mizunguko iliyo sawa. Ukizungusha duara kamili, tofauti ya urefu kati ya reli hizo mbili ni upana wa njia mara mbili ya pai. Ukubwa wa duara hauhusiki kabisa: liwe la kuzunguka uwanja wa mpira au la kuzunguka Kilimanjaro, tofauti ni ileile. Kwa reli ya mita moja ni kama mita 6.3. Kwa reli pana ya kisasa yenye milimita 1,435 ni mita 9. Kwa reli ya Darjeeling huko India, yenye milimita 610 tu, ni mita 3.8. Wahunzi wa magurudumu walilitafutia dawa jambo hili kwa kulichonga gurudumu likiwa nene kidogo upande wa ndani na jembamba upande wa nje, ili kwenye kona ekseli isogee pembeni na gurudumu la nje litembelee unene wake. Lakini mchongo una mwisho wake. Duara likibana sana, gurudumu huteleza na kusuguana na reli, na ndipo unapousikia ule mlio mkali wa chuma unaojulikana na kila aliyekaa karibu na kona ya reli. Njia nyembamba ina tofauti ndogo ya kusawazisha, hivyo inavumilia kona ambayo njia pana haiwezi hata kuifikiria.

Halafu kuna udongo. Reli inayopita ubavuni mwa mlima inahitaji kuchongewa mahali pa kulala, na ukiongeza upana wa mchongo huo mara mbili, udongo na mawe ya kuondoa huongezeka mara nne. Wakulima wa Lushoto wanaotengeneza matuta kwenye miteremko wanalijua hili kwa migongo yao. Kwa hiyo mwenye reli nyembamba anachonga kidogo, na kwa kuwa anaweza kupinda, halazimiki kuvunja kila jabali wala kuziba kila korongo. Anaingia ndani ya korongo, analivuka kwenye kina chake ambako daraja ni fupi, anatoka upande wa pili. Ukiichora njia yake kwenye karatasi bila kuchora mlima, mlima unaonekana. Hapo ndipo moyo wangu uliponasa. Uhaba wa fedha uliwalazimisha wahandisi kuandika umbo la mlima kwa chuma, kila mkunjo na kila bega, na abiria anayepita hapo anausoma mlima kwa mwili wake mzima, kwa jinsi anavyoegemezwa huku na kule.

Usambara nayo ilipata reli yake ya kupanda, ingawa ilikuwa ndogo na si wengi waliobaki wanaoikumbuka. Mwanzoni mwa karne iliyopita kampuni ya Kijerumani iliyotaka mbao za msitu wa Usambara Mashariki ilijenga njia ya milimita 750 kutoka Tengeni, kwenye reli ya Tanga, hadi Sigi, umbali wa kilomita 23 hivi. Mahali ambapo mlima haukuacha nafasi hata ya kona, walitumia ujanja wa kwenda mbele na kurudi nyuma: treni inapanda mpaka njia inapokomea ukingoni, swichi inageuzwa, inapanda tena kinyumenyume kwenye tawi la pili, kisha mbele tena. Magogo yalishuka kwa njia hiyo, na wataalamu wa mimea waliokuwa wakienda kwenye kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa mwaka 1902, walipanda nayo mpaka Sigi, safari iliyobaki ikaendelea kwa barabara. Reli iling'olewa zamani. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi imebaki, na leo inapokea wageni wa hifadhi ya Amani.

Upande wa magharibi, juu ya Mkumbara, hata hilo halikuwezekana. Huko Shume kulikuwa na miti ya mwangati ambayo Wajerumani waliitamani, na ukuta wa mlima ulikuwa mkali kuliko treni yoyote. Wakafunga waya. Magogo yalishuka yakining'inia hewani kutoka msituni hadi kwenye reli ya Tanga, juu ya vichwa vya watu waliokuwa wanajua kwamba msitu wao unaondoka na hawakuulizwa. Siwezi kuipenda reli ya Sigi na kulisahau hilo. Njia hizi ziliwekwa ili kuchukua. Reli ya Uganda iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India pamoja na Waafrika wasiohesabiwa kwa uangalifu huo, na Wahindi wapatao 2,500 walifia kwenye kazi hiyo. Ustadi ninaousifu ni wa mikono yao kwanza, kabla ya kuwa wa mhandisi aliyeshika ramani.

Reli ya Uganda ndiyo iliyonifundisha maana ya mlima kwa treni kubwa. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na mbele yake ardhi ikakatika. Kutoka nyanda za Kikuyu, ardhi huporomoka kuingia Bonde la Ufa kwa ukali ambao hakuna treni ingeushuka kwa magurudumu yake. Wakati njia ya kudumu ikichongwa taratibu kwenye ubavu wa ukuta huo, wajenzi hawakutaka kusubiri. Waliteremsha mabehewa, vyuma na mataruma kwa kamba, behewa linaloshuka likisaidia kulivuta linalopanda, ili kazi iendelee huko bondeni. Mwaka 1901 reli ikagusa Ziwa Viktoria pale panapoitwa Kisumu. Miaka ya 1920 tawi la kuelekea Eldoret lilipita Timboroa, kimo cha karibu mita 2,785, mahali ambapo asubuhi ya Juni mtu wa pwani hutetemeka. Ukiifuata njia hiyo tangu Mombasa unapanda kutoka baharini hadi zaidi ya mita 2,300 baada ya Nairobi, unatupwa chini Naivasha, unapanda tena mpaka Timboroa. Yote hayo juu ya reli mbili zilizoachana mita moja.

Mzigo ulipoongezeka, tatizo likawa hili: injini yenye nguvu ni nzito na ndefu. Ikiwa nzito inavunja reli nyepesi, ikiwa ndefu haiingii kwenye kona. Aliyelitegua ni Mwingereza aliyeitwa Herbert William Garratt. Wazo lake, alilolipatia hataza mwaka 1907, lilikuwa kuitenga injini vipande vitatu. Mbele kuna gari la magurudumu na pistoni zake, nyuma kuna jingine kama hilo, na katikati boila limelazwa kwenye fremu iliyoegemea magari yote mawili kwa egemeo linalozunguka. Treni ikiingia kwenye kona, gari la mbele linageuka kivyake, la nyuma linageuka kivyake, na boila linabaki kama daraja kati yao. Uzito unagawanywa kwenye ekseli nyingi. Na kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, linaweza kunenepa na kushuka chini kadiri mtengenezaji apendavyo. Injini za kwanza za aina hiyo, mbili tu, zilikwenda Tasmania mwaka 1909 kwenye njia ya milimita 610. Tangu mwanzo, basi, ulikuwa ujuzi wa reli nyembamba.

Afrika Mashariki iliufikisha ujuzi huo kileleni. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kilitengeneza injini 34 za daraja la 59 kwa ajili ya Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa zaidi ya mita 30, na boila lenye kipenyo cha karibu mita 2.3 likiwa juu ya njia yenye upana wa mita moja. Hapajawahi kuwa na injini za mvuke zenye nguvu kuliko hizo kwenye reli ya mita. Zilivuta tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi, kwenye ule mwinuko wa mita moja kwa 66. Zilichoma mafuta, si makaa ya mawe, kwa kuwa hakuna binadamu ambaye angeweza kulilisha tanuri lile kwa koleo mlimani kutwa nzima.

Na zilipewa majina ya milima. Injini za daraja la 60, ndugu zao wadogo, zilipewa majina ya magavana wa kikoloni. Hizi kubwa zilipewa Kilimanjaro, Meru, Kenya, Elgon, Ruwenzori, na nyingine ambazo hata watu wa nchi hizi hawazijui sana. Mbili zimehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Moja ni nambari 5918, inayoitwa Mount Gelai, jina la mlima ulio kando ya Ziwa Natron. Ya pili ni nambari 5930, Mount Shengena. Nilipoliona jina hilo kwenye ubavu wake mwekundu nilisimama hapo kwa muda mrefu, watoto wa shule wakipita wakipanda ngazi za injini na kushuka. Shengena ni kilele cha Pare Kusini, juu ya msitu wa Chome, mita 2,463. Ndio uleule mlima unaopitwa na reli ya Tanga kule Makanya, ikiwa tambarare, ikiuangalia tu. Treni ya kwetu haikuupanda Shengena. Lakini Shengena yenyewe, kwa jina, ilipanda kutoka pwani ya Mombasa hadi Nairobi ikivuta tani 1,200 nyuma yake, mara nyingi zisizojulikana. Kwa kijana aliyechora reli ya Lushoto kwenye daftari, hiyo ilikuwa zawadi.

Watu wengi wanapofikiria treni na mlima hufikiria kupanda. Wenye kazi hiyo hufikiria kushuka. Mzee mmoja wa Korogwe, aliyefanya kazi ya kutunza njia hadi alipostaafu, ndiye aliyenifungua macho. Nilimkuta barazani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe wewe ndiye unayeuliza habari za reli."

Tukakaa mpaka magharibi. Alinieleza kwamba treni inayopanda ikishindwa, itasimama na watu watakasirika. Inayoshuka ikishindwa, hakuna wa kukasirika. Alinieleza jinsi reli kwenye kona inavyotaka kurefuka jua likiwa kali, ikisukuma mataruma kwenda nje, na jinsi usiku wa baridi inavyojivuta kwenda ndani, hivyo kona haitulii mwaka mzima. Alinieleza kwamba reli ya nje huinuliwa kidogo kuliko ya ndani ili treni isitupwe, lakini mvua huondoa kokoto upande wa chini na kipimo hupotea kimyakimya, milimita moja baada ya nyingine, mpaka siku moja. Alipita na nyundo na spana, akigonga, akisikiliza. Kila kona aliijua kwa jina ambalo halimo kwenye ramani yoyote: pengine jina la mtu aliyepata ajali hapo, pengine la mti.

Nilimuuliza kama aliyaandika majina hayo. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama ameandika majina ya watoto wake.

Maneno yake juu ya kushuka si ya baraza tu. Tarehe 24 Juni 2002, pale Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria kwenye reli ya kati iliyokuwa ikipanda kilima ilianza kurudi nyuma, ikashika kasi bila kuzuilika, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Igandu si Darjeeling; hakuna kona za ajabu wala mteremko wa kupigiwa picha. Ni mwinuko wa kawaida ambao abiria wengi hawakujua hata kwamba upo. Tangu siku ile siwezi kuandika habari za treni na milima kana kwamba ni mandhari tu.

Darjeeling nimeitaja mara mbili sasa, na yeyote anayependa mambo haya angeshangaa nisipoisimulia. Ilijengwa kati ya 1879 na 1881, inatoka tambarare za Bengali hadi Ghum, kimo cha mita 2,258, kwa vitanzi na kwa ule mwendo wa mbele na nyuma. Ipo kona moja yenye nusu kipenyo cha mita 18 tu, ndogo kuliko mzunguko wa magari wa mjini. Tangu mwaka 1999 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ninachokipenda zaidi kwake ni watu wawili waliokuwa wakikaa mbele kabisa ya injini, nje, na kazi yao ni kumwaga mchanga kwa mkono juu ya reli pale inapoteleza kwa ukungu. Injini karibu zote zina vifaa vya kumwaga mchanga. Hapa wanaume wawili walikaa mbele kwa sababu jicho la mtu huona utelezi kabla gurudumu halijauhisi.

Lakini nikiambiwa nichague reli moja tu katika zote, nitachagua ya Eritrea, ambako sijawahi kufika. Waitaliano waliianza Massawa mwaka 1887, kwenye joto la Bahari ya Shamu, na ikawachukua hadi 1911 kufika Asmara, mita zaidi ya 2,300 juu. Njia ina upana wa milimita 950 na urefu wa kilomita zisizofika 120, na ndani ya hizo yamebanwa mahandaki, madaraja ya mawe na vitanzi vinavyoning'inia juu ya mabonde makavu. Kisha vita vikaja, vikadumu miaka thelathini. Treni zilikoma. Majeshi yaling'oa reli na mataruma ya chuma na kuyatumia kuimarishia mahandaki ya kivita. Mpaka nchi inapata uhuru mwaka 1993, kwa macho ya mtu yeyote mwenye akili ya biashara, reli hiyo ilikuwa imekufa.

Waeritrea waliamua kuijenga tena wenyewe. Hapakuwa na fedha za kununua injini mpya. Wakawaita wazee. Mafundi wa boila, madereva, watandika njia, wahunzi, watu waliostaafu zamani, wengine wakiwa na miaka sabini na zaidi, walitoka majumbani wakarudi kwenye karakana za Asmara. Vyuma vilikusanywa kutoka kwenye mahandaki ya vita, vikanyooshwa, vikarudishwa mlimani. Injini za mvuke zilizotengenezwa Italia miaka ya 1930 zilifunguliwa kila kipande, na pale kipuri kilipokosekana kilifuliwa na kuchongwa palepale. Vijana waliwekwa kando ya wazee, wakashika walichoshika wazee. Mwaka 2003 njia ilifika tena Asmara.

Nimetazama picha za wazee wale mara nyingi. Ovaroli zina mafuta, mikono imekomaa, mmoja ameinama na sikio lake liko karibu na silinda. Ujuzi wote wa reli ile ulikuwa umebaki ndani ya watu wasiozidi umati wa harusi moja ya kijijini. Kama uhuru ungechelewa miaka kumi na mitano zaidi, fedha zote za dunia zisingeweza kuirudisha reli ileile. Zingeleta reli nyingine. Reli pana inayokwenda moja kwa moja inaweza kutunzwa kwa kitabu na mashine, kwa sababu kilomita yake moja inafanana na inayofuata. Reli ya mlimani ina kona mia, na kila moja ina tabia yake, na tabia hizo hukaa kichwani mwa yule aliyepita hapo kwa miguu kila siku na nyundo mkononi.

Tangu mwaka 2024 tuna treni ya umeme ya kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kwenye njia ya milimita 1,435, na nimeipanda kwa furaha ya kweli. Mama mwenye mtoto mgonjwa hahitaji kitanzi wala mandhari, anahitaji kufika. Milima ya upande wa Kilosa treni hiyo inaipita ndani, kwenye mahandaki: unaingia gizani, masikio yanaziba kidogo, unatoka, mlima uko nyuma. Kwenye bonde la Mkondoa, upande huohuo wa Kilosa, ambako reli ya zamani ilitambaa kando ya mto kwa kuuogopa mlima, mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliibomoa njia vibaya kati ya Kilosa na Gulwe. Kuutii mlima nako kuna gharama yake: ukiukwepa mlima unaangukia kwenye mto.

Kwa anayetaka kuujua mlima kwa reli hapa nchini, iliyobaki ni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kati ya Mlimba na Makambako. Njia yake ni ya milimita 1,067, imejengwa na Wachina, Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kwa jumla, na Wachina zaidi ya sitini waliofia nchini katika kazi hiyo wamezikwa Gongo la Mboto. Kutoka bonde la Kilombero inapanda kuelekea nyanda za juu za kusini kwa namna zote mbili, inapinda na inatoboa. Mengi ya mahandaki yake 22 yako katika kipande hicho kimoja, na daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo zenye kimo cha mita 50 hivi. Nimepita hapo usiku, nikahesabu mahandaki kwa mabadiliko ya sauti tu, na nimepita mchana, nikaona mbele yangu njia niliyokuwa nikiiendea ikiwa juu ya kichwa changu, upande wa pili wa bonde. Wanawake wa Mlimba waliokuwa wakirudi na vikapu vyao walinionyesha kwa vidole kabla sijapaona: pale tutapita, na pale, na pale.

Septemba 2024 huko Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia utiaji saini wa makubaliano ya kuifufua njia hiyo. Reli zitabadilishwa, mataruma yatabadilishwa, na kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kitakachowasumbua zaidi wahandisi, kama kilivyowasumbua waliotangulia. Ninachotamani ni kwamba kabla reli ya kwanza haijainuliwa, mtu atumwe kule na daftari, akae na watunza njia wa kila kambi, wale wa sasa na wale waliostaafu wanaolima mpunga huko Kilombero, aandike majina ya kona zote na lililowahi kutokea kwenye kila moja: wapi maji hutokea Aprili, wapi mawe hushuka, wapi reli husogea jua likiwaka, wapi dereva mzoefu hushika breki mapema kuliko kitabu kinavyosema. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Mzee wangu wa Korogwe alifariki kabla sijamrudia na daftari langu, na majina ya kona zake za kati ya Korogwe na Mombo ninayajua machache tu.